Matope Mpaka Magotini

Bi Tahiya hajapata kusema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi. Uongo una kichwa na miguu. Ukiukamata unaweza kuuburura mpaka njiani, kila mtu akauona. Yeye anafanya kitu chengine. Ataanza neno, atalifikisha nusu, ataliwacha hapo hapo, kisha ajifunike kanga mabegani akwambie, "Mie simo." Kwa hayo maneno mawili wapangaji washahama, posa zishavunjika, na mwenyewe anaswali sala zake tano na usingizi anaupata.

Nyumba yake ni ya pembeni kwenye kichochoro chetu cha Kiponda, pale unapokata kwendea Darajani. Mlangoni ana kibaraza, juu ya kibaraza ana sahani za ubuyu na achari ya embe, na nyuma ya sahani yuko yeye. Hupiti usionekane. Anayetafuta nyumba ya fulani humuuliza yeye. Anayetaka kujua fulani karudi safari au bado humuuliza yeye. Na mwenye kijana anayetaka kuoa mtaani kwetu, kabla hajabisha hodi kwa wenye mtoto, naye hupita hapo akanunua ubuyu asiouhitaji. Nani aliyempa kazi hiyo sijui. Amekaa tu mpaka watu wakamzoea, kama wanavyozoea shimo la njiani.

Mimi naitwa Badria, ni mpambaji. Mikono ya maharusi wa mji huu nimeitia hina na piko tangu mwenyewe sijaolewa. Naingia vyumba vya ndani, najua nani kalia siku ya harusi yake na nani kacheka, na godoro gani limeazimwa. Ningekuwa na mdomo wa Bi Tahiya, mji huu asingebakia mtu wa kumpa mwenzake mkono. Lakini mie nafunika bakuli langu la hina nikenda zangu. Kufunga mdomo si kazi ngumu kiasi hicho, jamani.

Yusra ni mtoto wa kaka yangu, marehemu Masoud. Nimemlea tangu hajui kufunga vifungo vyake. Kasoma yule mtoto, kasoma mpaka chuo kikuu, mambo ya mazingira, na siku aliyorudi na cheti nikakaa kusubiri ofisi, meza na feni. Akapata matope. Kuna mradi huko upande wa Jozani, kwenye mikoko, wanapanda miche pale palipokatwa miti, na Yusra ndiye anayewasimamia wapandaji. Nilidhani kusimamia ni kusimama. Kumbe ni kuingia ndani pamoja nao.

Tope la mikokoni si hili la mjini tulilolizoea. La mjini wakati wa masika ni maji ya mfereji yaliyochanganyika na maganda ya ndizi, unalikanyaga, unatukana, unaosha ndara zako, yamekwisha. Lile la kule ni jeusi, zito, lina harufu ya yai viza, na likikushika mguu halikuachii kwa kuvuta. Kadiri unavyohangaika ndivyo unavyozama. Yusra anaoga kule kwa maji ya dumu, mikono na uso, lakini nguo za kazi anarudi nazo ndani ya buibui, na chini ya buibui magoti na miguu imekauka rangi ya majivu. Kila alasiri mie niko ukumbini na ndoo na dodoki. Sikuipenda kazi ile, sisemi kwamba niliipenda. Lakini nilipenda anavyorudi anacheka.

Huko ndiko alikomjua Ubwa. Ubwa ni kijana wa Bwejuu, anatembeza wageni: anawaonesha kima punju msituni, kisha anawapitisha kwenye lile daraja la mbao linalokatiza juu ya mikoko, wapige picha zao wasichafue viatu. Siku moja, mwanzo mwanzo wa kazi, Yusra alikanyaga pasipokanyagwa akazama mpaka kiunoni. Wenziwe walikuwa mbali. Ubwa aliyekuwa darajani na wageni wake akawaacha wageni wamesimama, akang'oa ubao uliolegea, akauteremsha, akalala juu yake kwa tumbo na kumvuta. Wote wawili wakatoka weusi, wanaonekana meno tu. Yusra alinihadithia huku namsugua mgongo, na alivyolitaja jina la yule kijana nikajua kwamba nitatia hina nyumbani kwangu mwenyewe.

Mama yake Ubwa, Bi Thuwaiba, alikuja kwa adabu zote. Mwanamke wa maneno machache, mrefu, kanga zake zimepigwa pasi. Alileta samaki wa kupaka na mkate wa kumimina, akasema kijana wake kamwona mtoto kwenye maulidi ya jamaa zao hapa mjini, kampenda, na wazee watakuja Ijumaa ya wiki ya pili kuleta posa rasmi. Maulidini! Yusra alikuwa nyuma ya pazia anajiziba mdomo asicheke. Mie nikaitikia. Kijana gani atamwambia mama yake, nimemwona mtoto wa watu msituni nikamlalia tumbo matopeni? Kila mmoja husema maulidi. Bi Thuwaiba akaniuliza mtoto anafanya kazi gani, nikamwambia yuko kwenye mazingira. Neno zuri hilo, halina harufu.

Ijumaa ile nilipika biriani. Nikafukiza udi kuanzia ngazi ya chini. Alasiri ikaingia, magharibi ikaingia, hakuja mtu. Baada ya isha ikalia simu, mzee mmoja wa kwao nisiyemjua, anakohoa, anauliza hali, anauliza hali tena, kisha anasema, "Bi Badria, mambo yameingiliana kidogo."

"Yameingiliana nini na nini?" nikamuuliza.

"Basi tu. Yameingiliana."

Nikamuuliza kama wanakuja siku nyengine. Akasema inshallah, ile inshallah ya kumfukuzia mtu mlangoni. Mwanamume mzima, na ndevu zake, hawezi kusema hatuji. Nikamkatia simu, na biriani nikawapelekea watoto wa chuo cha Kurani.

Yusra hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikwenda kazini kama kawaida, alirudi kama kawaida, lakini akawa anajisugua mwenyewe ndani, mlango kaufunga, anajisugua mpaka ngozi inamwiva. Ubwa naye, wageni wake siku hizo anawapeleka msituni tu, darajani hafiki. Alimwandikia neno moja kwenye simu: vuta subira. Siku moja mtoto wangu akaja akakaa miguuni kwangu, akaniambia, "Shangazi, nina kasoro gani mie? Niambie tu, sitokasirika."

Moyo uliniuma, nasema kweli. Nikamwambia huna kasoro. Akasema, "Ubwa hajui kitu, masikini. Itakuwa mama yake ndiye aliyesikia jambo." Anamtetea. Hana mume, hana posa, anamtetea.

Wahenga wamesema udongo uwahi ungali maji. Asubuhi yake nikafunga bakuli langu la hina, nikamwacha bibi harusi wa watu wa Malindi na mkono mmoja, nikaenda Bwejuu. Nilimkuta Bi Thuwaiba uani anachambua mchele. Hakunifanyia ukali. Alinikaribisha, akaniletea dafu, akaniuliza za mjini. Mie nikaliweka dafu chini nikamwambia, "Mwenzangu, sikuja kuuliza kwa nini hamkuja. Nimekuja kuuliza mlisikia nini na kwa nani."

Akausogeza ungo kando. Kisha akanambia. Siku ile alipotoka kwangu alipita pembeni kununua ubuyu wa wajukuu.

"Nikamuuliza yule bibi, huyu mtoto wa Bi Badria vipi tabia zake? Akaniambia, mtoto mzuri, kasoma. Akanyamaza. Nikamwambia, sema, mimi ni mama. Akasema, watoto wa siku hizi, ndugu yangu... Huyo anatoka asubuhi msafi, anarudi jioni na matope mpaka magotini. Kila siku ya Mungu. Mie simo."

"Na wewe ukafahamu nini?"

"Ningefahamu nini, Bi Badria? Mwanamwali anarudi jioni na matope. Na alivyolivuta lile neno, na alivyotazama chini. Nikajua anamsitiri."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na si cheko la furaha. Nikamwambia matope ni matope, mama. Tope la kuchota kwa koleo. Mtoto anapanda mikoko! Anaingia mpaka magotini kwa sababu mche hauteremki wenyewe. Kila siku yuko hapo hapo mikokoni, chini ya lile daraja la mbao mwanao anakopitisha wageni.

Bi Thuwaiba akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Macho yalimtoka. Kisha akauliza polepole, "Chini ya daraja hilo hilo?"

"Hilo hilo."

Akarudi kwenye ungo wake, lakini mkono haukuchambua kitu, unakwenda na kurudi juu ya mchele. Nikadhani ni haya. Ningeona haya pia, kumwangusha mtoto wa watu kwa neno la muuza ubuyu. Nikamwambia nataka kumsuta yule mwanamke mbele ya mtaa, na kusuta hakuwi bila ya aliyeambiwa. Akasema, "Nitakuja." Na nilipokuwa nshavaa viatu akaongeza, "Na Ubwa nitakuja naye." Nikafurahi. Akili yangu yote ilikuwa kibarazani kwa Bi Tahiya, sikuwa na nafasi ya kufikiri jengine.

Wasiojua kusuta niwaeleze, maana siku hizi watu wanatukanana kwenye simu wakadhani ndiyo ushujaa. Kusuta ni kumwendea mtu mlangoni kwake mchana kweupe, na mashahidi, ukamuuliza: ulisema, hukusema? Akikana, aliyeambiwa yuko hapo, atamkumbusha. Akikubali, alete ushahidi. Akikosa ushahidi basi wanawake wanampigia vigelegele vya kumwaibisha, na tangu siku hiyo neno lake halina bei. Nimeshuhudia wanawake waliohama mtaa kwa kusutwa. Nilimtakia hayo Bi Tahiya, tena kwa roho moja.

Tulikwenda baada ya sala ya alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, kichochoro kimejaa madimbwi. Nilikuwa na majirani zangu, Bi Wanu wa juu na wakwe zake, na wengine waliotufuata walipoona tunafuatana. Bi Thuwaiba alikuwa kando yangu. Ubwa alisimama nyuma kidogo, kaegemea ukuta, kavaa kanzu nyeupe pepe, kaishika pindo kwa vidole viwili isiguse maji ya njiani. Nikamwona, nikasema moyoni, kijana nadhifu.

"Shikamoo, Bi Tahiya," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni ubuyu."

"Hatukuja kwa ubuyu. Huyu mama unamjua?"

Akamtazama Bi Thuwaiba kama anayetazama samaki wa jana. "Wateja wengi."

"Huyu alikuuliza habari za Yusra. Ulimjibu nini?"

"Mie?" Akajivuta kanga. "Mie simo."

"Umo," nikamwambia. "Leo umo. Ulisema, hukusema?"

Bi Thuwaiba akayarudia maneno, moja moja, mpaka lile la matope mpaka magotini. Wanawake wakaguna. Nikasubiri akane. Ulimi wangu ulikuwa tayari, nishaupanga tangu Bwejuu.

Bi Tahiya hakukana. Alichukua kitambaa akafuta ukingo wa sahani yake. "Nimesema," akajibu. "Uongo?"

Na Mungu naye ana wakati wake. Yusra akatokea kwenye kona anatokea Darajani, begi begani, buibui kalipandisha kwa ajili ya madimbwi, na chini ya buibui miguu yote miwili imejaa tope jeusi lililorowa kwa mvua, mpaka magotini. Akasimama alipoona umati.

"Basi tazameni wenyewe," akasema Bi Tahiya. "Hayo ni nini? Uji?"

Mmoja akacheka nyuma yangu, kisha wa pili. Bi Wanu akainama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba. Nikahisi suto langu linanifia mikononi. Kusuta kuna sharti lake: aliyesutwa awe kasema lisilokuwepo. Sasa lipo, limesimama mbele ya watu na linanuka. Nimeshasema yule mwanamke haongopi. Ndivyo alivyo mchafu.

"Matope ya nini?" nikamuuliza, na sauti imenipanda. "Mbona hukusema ni ya nini? Ulijua anafanya kazi gani! Kila siku anapita hapa anakusalimia!"

"Sikuulizwa ni ya nini. Na wala sikumnyima mtu njia." Akamgeukia Bi Thuwaiba, mpole kama ananadi achari. "Mama, nilikwambia au sikukwambia, kamuulize mwanao, si ndiye anayefanya kazi upande huo huo wa Jozani?"

Bi Thuwaiba alikuwa anatazama mikono yake.

"Alinambia," akasema. "Hilo alinambia."

Hilo sikuwa nimeambiwa mie kule uani Bwejuu. Nikamgeukia. Akaendelea bila ya kunitazama. "Nilifika nyumbani nikamwita. Nikamuuliza, Ubwa, huyu mtoto wanasema anarudi jioni na matope, wewe unajua lolote? Nilimuuliza hivyo hivyo."

"Akasemaje?" Aliyeuliza ni Yusra. Alikuwa ameshasogea mpaka katikati, na wanawake wamempisha, wanavuta buibui zao zisimguse.

Bi Thuwaiba akamwonesha mwanawe kwa kidevu. "Yuko hapo. Na aseme mwenyewe."

Sote tukageuka. Ubwa alikuwa bado kashika pindo la kanzu. Akaliachia, akalishika tena. "Nilisema..." akaanza, akakohoa kile kikohozi cha yule mzee wa simu, nikakitambua, kumbe ni cha ukoo. "Nilisema sijui, mama. Mie simo."

Wallahi, hivyo hivyo. Maneno mawili yale yale.

"Hujui?" akasema Yusra.

"Si kwamba sijui, Yusra. Nifahamu. Nishamwambia mama nilikuona maulidini. Ningesema najua matope yanatoka wapi, angeniuliza najuaje. Ingeonekana tunaonana. Watu wangesema nina tabia..." Akatazama huku na huku, akashusha sauti kana kwamba hatumo. "Nikaona niyawache. Maji yakivurugika, ukiyawacha yanatuama yenyewe."

Hapo ndipo nilipouona uso wa mwanangu unabadilika. Nimeona nyuso nyingi za wanawali katika kazi yangu, za woga na za furaha, lakini ile sijapata kuiona. Ulitulia tu. Alimtazama kuanzia kofia mpaka kwenye ile kanzu.

"Kwa hivyo ulipima," akasema. "Jina langu na jina lako. Ukaona langu ndilo lichafuke."

"Si hivyo, Yusra."

"Siku ile nilipozama uliteremka. Kanzu hukuwa nayo, lakini uliteremka, ukalala tumboni. Mie tangu siku ile nikadhani nimeona mtu." Akaliteremsha begi chini. "Kwenye matope haya umesimama juu ya daraja unanitazama. Na ubao unao mkononi."

Ubwa akalikunja pindo la kanzu mkononi. Jina lake ni Ubwa, na tangu siku hiyo mie namwongezea bwa moja. Lakini ubwabwa nauonea. Ubwabwa una nazi.

Bi Thuwaiba, na huyu nampa heshima yake mpaka leo, alivua ndara zake, akaingia dimbwini kwa miguu yake, akaja akamshika Yusra mikono yote miwili mbele ya mtaa mzima. Akasema, "Mwanangu, nimekukosea. Nilisikia neno nusu nikalijaza mwenyewe. Nisamehe. Na mbele ya hawa wote nasema wewe ni msafi, na nakuomba uwe mkwe wangu. Wazee wakitaka watakuja, wasipotaka nitakuja mie peke yangu na ushungi wangu."

Wanawake wakashusha pumzi. Bi Wanu akawa tayari na kigelegele, kimefika mdomoni. Hata mie machozi yalinilenga. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu biriani ya Ijumaa, kimekuja mchana, mbele ya watu, kimesemwa wazi kwa mdomo wa mtu mzima. Bi Tahiya mwenyewe aliacha kufuta sahani.

Yusra akaibusu mikono ya Bi Thuwaiba, mmoja na wa pili. "Mama, wewe nimekusamehe," akasema. "Wewe uliuliza. Na ungekuwa na mtoto mwengine wa kiume, ningekubali sasa hivi."

Kigelegele cha Bi Wanu kikarudi kilikotoka. Yusra akaokota begi lake. Akampita Ubwa karibu sana, kichochoro chetu ni chembamba, na buibui lake lililoshika lile tope likaipitia ile kanzu kuanzia kiunoni mpaka chini. Sijui kama alikusudia. Doa la tope likabakia pale, refu, jeusi, na harufu yake. Ubwa akajitazama, akaanza kulifuta kwa kiganja, na tope la mikokoni halifutwi kwa kiganja. Linatandaa tu.

Watu wakaanza kutawanyika. Bi Thuwaiba akavaa ndara zake akaelekea Darajani bila ya kumwita mwanawe. Bi Tahiya akaniuliza kama nachukua ubuyu, sikumjibu, nina miaka yangu yote iliyobaki ya kutomjibu. Nilikuwa nageuka niende nikachemshe maji ya ndoo, mtoto yuko ukumbini ananisubiri na miguu yake.

Ubwa akanikimbilia mpaka mlangoni. Macho mekundu, kanzu yote sasa ni rangi ya majivu kwa kule kujifuta. Akanishika mkono. "Shangazi," akasema, "nakuomba, wewe anakusikiliza. Sema naye. Neno moja tu, shangazi. Ukisema wewe atakubali."

Ni kweli, angenisikiliza. Nikamtazama vizuri, ili asije akasema sikumfahamu. Nikauondoa mkono wake nikajivuta kanga mabegani.

"Mie, mwanangu," nikamwambia, "simo."